Ujifungulie wapi? Mwongozo kamili wa kuchagua hospitali ukiwa Mbeya, Iringa, Njombe na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini

Ukiuliza pale Mwanjelwa, Mbeya mjini, hospitali gani nzuri ya kujifungulia, watu watatu watakupa majibu matano. Mmoja atakwambia nenda Meta, kitengo cha wazazi cha rufaa ya kanda, ndo kuna madaktari bingwa, mwingine atakwambia hospitali za misheni ndo zina utulivu, mwingine yeye alizalia kituo cha afya cha mtaani kwao kwa nesi mpole, kesho yake karudi nyumbani na mtoto wake safi kabisa. Na wote wanasema kweli, sababu kila mmoja anaongelea mimba yake na yako ni nyingine.

Mimi swali langu la kwanza huwa ni hili, mambo yakigeuka saa nane usiku hapo nilipo nani atanifanyia oparesheni, damu ya kuniongeza iko wapi, na kama havipo hapo nitafika vilipo baada ya muda gani? Rangi ya jengo, wodi ya peke yako, nesi mcheshi, vyote vinafuata baada ya hapo. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufariki ndani ya masaa mawili tu, kwahiyo muda ndo kitu unachonunua unapochagua hospitali.

Na sio kwamba nakutisha. Nchi imepiga hatua, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2022 ulionyesha vifo vya wajawazito vimeshuka mpaka 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015-16 ulisema 556, na sasa wamama kama 8 kati ya 10 wanazalia kwenye vituo vya afya. Ila kuzalia kwenye kituo ni kitu kimoja, na kuzalia kwenye kituo kinachoendana na hali yako ni kingine.

HATUA YA 1: Jua mimba yako iko kundi gani

Hii inafanyika kliniki, na inafanyika mapema, sio mwezi wa nane ndo unaenda kuchukua kadi ili usigombezwe leba. Anza kabla ya wiki ya 12. Mwongozo wa sasa ni mahudhurio 8, na angalau ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, hiyo ndo inasema umri wa mimba vizuri, kama ni mapacha na kondo la nyuma limekaa wapi. Watu wanaikimbilia kujua jinsia tu, sawa ulizia jinsia, ila ulizia na kondo.

Ukitoka kliniki usiifunge ile kadi ukaitupia kwenye mkoba, isome. Angalia damu (hb) ni ngapi, chini ya 11 ni pungufu na chini ya 7 ni hatari, presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi ni ya juu, angalia mkojo kama una protini, angalia kundi la damu. Ukiona kundi lako lina alama ya hasi, mfano O hasi, muulize nesi siku hiyohiyo kuhusu sindano ya anti-D (inayozuia mwili wako usishambulie damu ya mtoto) na hospitali gani wanayo, sababu sio kila kituo utaikuta.

Sasa, wewe sio wa kuzalia zahanati kama una lolote kati ya haya: ulishafanyiwa oparesheni ya uzazi, una mapacha, mtoto ametanguliza matako au amelala kimshazari, presha, kisukari, kifafa au ugonjwa wa moyo, siko seli, damu iko chini, kondo limekaa mlangoni, uzazi uliopita ulitokwa damu sana au kondo liligoma kutoka, ulishapoteza mtoto tumboni au wakati wa kujifungua, wewe ni mfupi chini ya sentimita 150, umri ni chini ya miaka 18 au umeshavuka 35. Alafu kuna makundi mawili watu wanayasahau, mimba ya kwanza na mimba ya tano kwenda juu. Wa kwanza njia yake haijawahi kujaribiwa, wa tano kizazi kimechoka, kinaweza kugoma kujikaza baada ya mtoto kutoka ndo damu inamwagika. Utasikia mama wa watoto sita anasema "mimi nimezoea, nazaa fasta", huyo ndo wa kumkimbiza hospitali yenye damu.

Wa kovu la oparesheni nikuongezee. Wapo wanaozaa kawaida baada ya oparesheni moja na inawezekana kabisa, lakini unajaribia mahali ambapo thieta (chumba cha oparesheni) iko hapohapo na iko tayari, sio kwamba ukishindwa ndo mtafutiwe gari. Kovu linaweza kuachia katikati ya uchungu. Kama una karatasi ya kuruhusiwa ya ile oparesheni ya kwanza iweke kwenye bahasha moja na kadi, daktari atataka kujua ulipasuliwa kwasababu gani na walikata vipi.

HATUA YA 2: Jua kila ngazi inaweza nini

Zahanati inazalisha, ina mkunga, ina sindano ya kuzuia damu, inaweza kumsaidia mtoto aliyezaliwa hajalia. Oparesheni hakuna, damu ya kuongeza hakuna. Kwa mimba ya pili mpaka ya nne isiyo na tatizo lolote sio mahali pabaya, ila iwe na njia ya kutokea.

Kituo cha afya ndo penye utata kidogo. Miaka hii serikali imeboresha vituo vingi, vikajengewa jengo la upasuaji na wodi ya wazazi, kwahiyo vipo vituo vya afya vinavyofanya oparesheni vizuri kabisa na kuna vingine jengo lipo ila mtu wa kutoa dawa ya usingizi hayupo, au yupo mmoja na akienda likizo bas. Ndo maana huwezi kuchagua kwa kuangalia kibao cha getini, lazima uulize, hatua ya 4 nitakwambia uulizeje.

Hospitali za wilaya na za halmashauri kawaida zinafanya oparesheni na kuongeza damu. Kwa Jiji la Mbeya una Igawilo, ukiwa Rungwe kuna Makandana pale Tukuyu, Kyela wana hospitali yao ya wilaya, Mufindi wana Mafinga, Iringa mjini kuna Frelimo.

Juu yake ni rufaa za mikoa, Mbeya ipo yake, Iringa yake pale mjini, Njombe wana ya mkoa, na juu zaidi ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ambayo wazazi wake wanahudumiwa Meta, sio kule jengo kuu. Hili nalisema sababu kuna watu wanatoka mkoa mwingine na mgonjwa kwenye gari wanaenda moja kwa moja jengo kuu, wanapoteza muda pale getini. Uzazi ni Meta, mwambie na dereva.

Alafu tuna bahati huku kwetu, hospitali za misheni ziko nyingi na nyingine ni za miaka mingi. Ifisi pale Mbalizi, Chimala upande wa Mbarali, Igogwe na Itete upande wa Rungwe na Busokelo, Matema kule ziwani, Mbozi Misheni kwa watu wa Songwe. Iringa kuna Tosamaganga na Ilula. Njombe kuna Ilembula, Ikonda kule Makete, na Lugarawa kwa watu wa Ludewa. Mtu wa Makete anayeishi karibu na Ikonda hana sababu ya kuteremka mpaka Mbeya mjini eti kwasababu huko ndo mjini.

Maoni yangu, na najua wengine hawatakubali: kama mimba yako haina shida yoyote na unaishi mjini, usikimbilie rufaa ya kanda. Ile imewekwa kwa ajili ya waliopewa rufaa, wagonjwa wagumu wa kanda nzima wanaishia pale, na wewe mwenye uchungu wa kawaida utapangwa nyuma ya mwenye kifafa cha mimba, na ndo inavyotakiwa. Hospitali ya ngazi ya kati yenye thieta inayofanya kazi usiku inakutosha na mkunga atakuwa na muda na wewe. Ila kama una tatizo kwenye ile orodha ya juu, nenda juu mapema, tena kwa rufaa ya maandishi kutoka kliniki yako, usisubiri ufike kwa dharura.

Na kama daktari ameshaona kuna uwezekano wa kuzaa mtoto njiti, basi hapo unachagua wodi ya watoto wachanga kabla hata ya leba. Uliza kama wana chumba cha watoto wachanga mahututi, oksijeni, mashine ya kumsaidia mtoto kupumua na chumba cha kangaruu, yaani pale mama anapombeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Mtoto wa chini ya kilo 2.5 anahitaji sana hiyo kangaruu, na kwa baridi la Njombe, Mafinga na Makete mwezi wa sita na wa saba usiichukulie poa.

HATUA YA 3: Pima njia, usipime kilomita

Kutoka Tukuyu kuja Mbeya ni kama kilomita 70, Mafinga mpaka Iringa mjini kama 80. Kwenye simu ukiangalia unaona saa moja na kitu. Sasa weka malori ya Tunduma, weka ujenzi wa njia nne, weka ukungu wa asubuhi, weka mvua ya mwezi wa tatu kule Busokelo ambako barabara inageuka uji. Lori moja likianguka mlimani barabara kuu ya Tanzam imekatika, na hiyo barabara ndo moja tunayoitegemea wote huku.

Kwahiyo fanya hivi. Chukua usafiri uleule utakaotumia, kama ni bajaji basi bajaji, nenda mpaka hospitali uliyoichagua, angalia saa. Kisha ongea na dereva wa mtaani kwako, muulize saa tisa usiku anatoka? Bei gani? Anajua geti la usiku ni lipi? Wengi wanasema "usijali sister nipigie tu" ukimpigia usiku simu imezimwa, kwahiyo chukua namba za madereva wawili watatu na mmoja awe jirani wa kugongewa mlango. Bodaboda kwa mama mwenye uchungu uliokolea naomba iwe ndo mbadala wa mwisho kabisa.

Angalia na mwezi unaotarajia. Mvua zetu ni kuanzia mwezi wa kumi na moja au kumi na mbili mpaka wa nne wa tano, kuna vijiji kipindi hicho gari dogo halipiti. Kama uko huko na una sababu yoyote ya kuzalia hospitali kubwa, hamia karibu wiki mbili tatu kabla ya tarehe. Hospitali kadhaa zina nyumba ya kusubiria kujifungua, unakaa pale na ndugu yako, mnajipikia, uchungu ukianza unatembea kwa miguu tu mpaka leba. Ulizia mapema masharti yake, mnakuja na chakula chenu, mnachangia nini. Kama haipo, tafuta ndugu mjini, wifi, shangazi, mtu wa kanisani, hata chumba cha kupanga mwezi mmoja.

Hapa niwaongelee na wale wa mimba ya kwanza wanaorudi kwa mama. Ni desturi nzuri, hakuna anayekulea uzazi kama mama yako, lakini mara nyingi binti anatoka mjini penye hospitali ya rufaa anaenda kijijini penye zahanati tu, tena na mimba ya kwanza. Kama unaenda, nenda ukiwa na wiki 34 au kabla, hudhuria kliniki ya kule angalau mara moja wakujue, na mkubaliane na mama kwamba kulea uzazi ni kwake ila kuzaa ni hospitali fulani. Au mwite mama aje kwako. Nauli ya mama ni nafuu kuliko ambulensi.

HATUA YA 4: Nenda ukaone kabla

Ukiwa na wiki kama 30 au 32 nenda ile hospitali mchana, siku ya kazi, na unaweza kuomba kuhudhuria kliniki palepale. Usiende kwa ukali kama mkaguzi. Ukifika wodi ya wazazi sema tu, "Shikamoo mama, samahani natarajia kujifungulia hapa, naomba kuuliza mambo machache." Ukimkuta kwenye kazi subiri nje, akitulia atakujibu, wengi wanafurahi kuona mtu anajiandaa.

Maswali yenye maana ni haya. Oparesheni ya mwisho kufanyika usiku ilikuwa lini? (Hili ni zuri kuliko "mnafanya oparesheni?" sababu hilo kila mtu anajibu ndiyo.) Usiku daktari analala hapahapa au anapigiwa simu anatokea nyumbani? Wa dawa ya usingizi je? Damu mnayo kwenye friji au inafuatwa mahali? Umeme ukikatika jenereta inawaka? Oksijeni ipo ya mama na ya mtoto? Mkipata mgonjwa wa kuwashinda mnampeleka wapi na ambulensi inalala wapi?

Alafu yale ya utu wako. Naruhusiwa kuwa na msindikizaji leba, mama yangu au mume? Sehemu nyingi mume haruhusiwi, sio kwa roho mbaya ila leba ni ya pamoja, vitanda vimetenganishwa na pazia tu, na wenzako wana haki ya sitara. Kama unamtaka mume ndani tafuta penye vyumba au wodi ya kulipia na uliza bei. Maji yapo? Choo na bafu la wazazi likoje? Hapo usiulize, omba kwenda kujisaidia ukaone mwenyewe. Choo kinakwambia ukweli ambao kibao cha maadili ukutani hakisemi.

Usisahau kuangalia wamama waliojifungua tayari. Wako wawili kitanda kimoja au kila mtu na chake, watoto wamefunikwa vizuri, madirisha yanafunga? Kwa huku kwetu chumba cha wazazi chenye upepo sio cha kuchukulia mchezo, mtoto mchanga akipoa anaumwa haraka. Mkunga akimweka mtoto kifuani kwako mara tu baada ya kuzaliwa, akakuachia umnyonyeshe ndani ya saa la kwanza, ujue anajua kazi. Na kuogeshwa mtoto asubiri angalau masaa 24, bibi atalalamika, mwache alalamike.

Kama unaishi na VVU hili nalo ni la kuulizwa wazi, na mikoa yetu ndo inaongoza nchini, takwimu za utafiti wa 2022-23 kwa watu wazima zilikuwa Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, kwahiyo wakunga wa huku wameshazoea na wanajua kazi. Dawa zako unaendelea kumeza bila kuruka hata ukiwa leba, mtoto anaanza dawa yake ya kinga mapema baada ya kuzaliwa, na kipimo chake cha kwanza kinasubiriwa wiki ya 6, ila wapo wanaopimwa mapema kulingana na hali ya mama. Hakikisha hospitali uliyochagua wana dawa ya mtoto usiku na wikiendi, sio imefungiwa kabatini mpaka jumatatu. Wengine wanaenda kuzalia mbali ili wasijulikane, naelewa, ila beba kadi na dawa zako na useme hali yako ukifika.

HATUA YA 5: Hela

Sera inasema huduma kwa wajawazito kwenye vituo vya serikali ni bure. Uhalisia unaujua, kuna siku glavu zimeisha, kuna siku dawa fulani inabidi mtu akimbie famasi ya nje. Kwahiyo bure lakini tembea na akiba.

Hospitali za misheni zinatofautiana sana. Nyingine ni hospitali teule, zina mkataba na halmashauri, kama Tosamaganga na Ilembula zilivyokuwa zikitumika kama hospitali za wilaya, hapo kuna huduma mama anasamehewa au analipa kidogo, inategemea mkataba ukoje kwa wakati huo. Nyingine unalipa kila kitu. Usikisie, piga simu au nenda dirisha la malipo uulize vitu vitatu kwa bei: kuzaa kawaida, oparesheni, na mtoto akilazwa peke yake kwa siku. Hicho cha tatu ndo kinachoumizaga watu, mama yuko fiti, mtoto yuko kwenye oksijeni siku kumi na bili inatembea.

Private ndogondogo za mjini nina neno. Unapata chumba kizuri na chai ya maziwa, ila uliza kama mtoto akizaliwa amechoka wanaye mtu na vifaa vyake hapohapo au nao wanampakia kwenye gari kumpeleka rufaa. Kama jibu ni la pili basi unalipia mapazia.

Wa bima, usiseme tu "nina kadi". Nenda na kadi yako dirishani waiangalie kama iko hai, kama hospitali hiyo inaipokea na kama inagusa oparesheni na mtoto baada ya kuzaliwa. Jina kwenye kadi ya bima na kadi ya kliniki yafanane, mambo ya Neema kuwa Nema yanasumbua usiku. Na kwenye bajeti weka oparesheni hata kama hutarajii, ikibaki itanunua uji.

HATUA YA 6: Chagua ya pili, na panga dharura

Hospitali unachagua mbili. Moja ya kuzalia, nyingine ya kukimbilia. Andika zote kwenye karatasi ubandike ukutani karibu na mlango, sababu siku hiyo wewe hutakuwa wa kuelekeza, ataelekeza shemeji au mtoto wa jirani.

Namba ya kukariri ni 115. Hiyo ni m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga mpaka siku 28, ulizinduliwa kitaifa 2022, kupiga ni bure na gari ni bure. Ukipiga unaongea na mhudumu, anakuuliza hali ilivyo, kama ni dharura anatuma ambulensi au dereva wa jamii aliyesajiliwa aliye karibu na wewe, na dereva huyo analipwa na mfumo, wewe humlipi. Ni ya dharura lakini, usipige kwasababu uchungu umeanza kidogo na hutaki kulipa bajaji. Ukipiga uwe tayari kutaja kijiji, kitongoji na alama ya karibu, kanisa, shule, mashine ya kusaga.

Damu. Tafuta ndugu wawili wenye afya wa kuchangia, na waambie kabla. Hata kama kundi lao sio lako wanaweza kuchangia kurudishia benki. Mume akae karibu na simu yenye chaji, na muongee kabisa nani anaruhusu oparesheni. Nalisema hili kwa uzito, ridhaa ni ya mama mwenyewe, sahihi yako inatosha, hakuna cha kusubiri baba wa ukoo atoke shambani Usangu.

HATUA YA 7: Begi

Hapa nipite haraka, kila kliniki wana orodha yao, fuata ya hospitali uliyochagua sababu hazifanani. Kawaida ni mpira wa kujifungulia, glavu, pamba, klipu za kitovu, nyembe mpya, sindano wakikuagiza, beseni, ndoo, sabuni, pedi, kanga au vitenge visafi vinne au zaidi, chupa ya chai, kikombe. Cha mtoto kwa huku usibebe za Dar, beba kofia mbili, soksi, sweta, na blanketi zito. Kadi ya kliniki, kadi ya bima na kitambulisho viwe mfuko wa nje. Begi liwe tayari wiki ya 34, lisiwe na kufuli.

HATUA YA 8: Siku yenyewe

Mimba ya kwanza uchungu ukija kila baada ya dakika tano na unaendelea hivyo kwa kama saa zima, ondoka. Mimba za baadae usisubiri hivyo. Na kama ulikadiria njia ni saa mbili, ondoka mapema zaidi, heri urudishwe na kuambiwa bado.

Usisubiri uchungu kabisa ukiona haya: damu inatoka, chupa imepasuka hasa kama maji ni ya kijani au yananuka, kichwa kinauma sana na macho yanaona maluweluwe, uso na mikono imevimba ghafla, degedege, homa kali, maumivu makali ya juu ya tumbo, au mtoto ameacha kucheza. Hapo unaenda ile hospitali ya pili, kubwa, au ya karibu zaidi yenye thieta, na 115 inapigwa mkiwa mnajiandaa.

Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, naomba sana. Huku kwetu zipo na zinatolewa kwa upendo na wakwe na bibi, lakini zinakaza kizazi bila kipimo, mtoto anachoka, kizazi kinaweza kuchanika, na ukiwa na kovu ndo balaa. Kama umeshapewa ukanywa, mwambie mkunga ukweli ukifika leba, ajue anacholinda. Atakugombeza dakika mbili, ataokoa maisha mawili.

Ukiwa leba, kila masaa manne watakupima njia na kuchora maendeleo kwenye chati. Una haki ya kuuliza, "Dada, njia imefika ngapi, na mtoto anaendeleaje?" Wakisema unahitaji rufaa usibishane kuhusu hospitali, ondoka, waombe tu karatasi ya rufaa na nesi wa kukusindikiza.

BAADA YA MTOTO

Ukizaa kawaida kaa angalau masaa 24, hata kama wodi imejaa na wewe unajisikia kupika. Damu nyingi inatokea ndani ya hayo masaa. Kabla ya kutoka hakikisha mtoto amepata chanjo ya kifua kikuu na ya polio ya matone, amenyonya vizuri, amekojoa na kupata choo, na wewe umepimwa presha. Mtoto aliyezaliwa hapo anaweza kuandikishwa cheti cha kuzaliwa palepale kwenye kituo au ofisi ya kata bila malipo, mpango huo wa watoto chini ya miaka 5 ulizinduliwa Mbeya mwaka 2013, kwahiyo muwe mmeshakubaliana jina. Wengi wanatoka bila cheti, eti wanasubiri babu apigiwe simu ataje jina.

Marudio ni siku ya 3 mpaka 7, kisha kati ya siku ya 8 na 28, kisha mpaka siku ya 42. Hayo sio lazima urudi kule ulikozalia kama ni mbali, zahanati ya karibu inatosha, beba tu karatasi ya kuruhusiwa na kadi ya mtoto. Ila kama ulifanyiwa oparesheni na kidonda kinatoa maji, au una homa, au damu imerudi kwa wingi na mabonge, usianzie zahanati.